Mashine ndogo ya akiba: angalia mguu kabla ya hosipawa

Swali: Fundi, salaam. Nina boti ya faiba ya futi 19, naiweka Tudor, Mombasa, na navua nje ya mwamba tukiwa watu wanne. Mashine yake ni tu-stroki ya hosipawa 40, mguu mrefu. Mwezi uliopita ilizima nje, tukavutwa hadi ndani. Sasa nataka ndogo ya akiba. Nimeonyeshwa ya hosipawa 2.5 iliyotumika, bei nzuri. Itanitosha? Na niifunge vipi?
Msomaji, Tudor

Jibu: Hiyo iache, ndugu yangu, hata kama bei inavutia. Mashine nyingi za hosipawa 2.5 zina mguu mfupi wa inchi 15, na shetri (ubao wa nyuma) ya boti yako imekatwa kwa mguu wa inchi 20. Mguu hupimwa toka ukingo wa juu wa shetri hadi bapa lililo juu ya rafadha. Ukiifunga, lile bapa la juu ya rafadha litakaa karibu inchi 5 juu ya kitako cha boti. Kila wimbi likiinua shetri, rafadha itachapa povu: mashine inanguruma, boti haisogei. Baya zaidi, tundu la kuvutia maji ya kupoza litavuta hewa, na hapo impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji hayo) inaungua. Isitoshe, nyingi za ukubwa huo hazina gia ya nyuma.

Mashine ya akiba hufungwa pembeni, na boti ikilala upande ule mwingine rafadha hupanda. Kwa hiyo bapa liwe inchi 2 hadi 4 chini ya kitako, pale pale utakapoifunga. Pima kwa futi ya fundi, usikisie. Mguu wa inchi 20 ndio wa chini kabisa kwako. Ukitumia breketi inayopandisha mashine juu ya shetri, tafuta wa inchi 25.

Nguvu: chukua foo-stroki ya hosipawa 6. Kwa kampuni nyingi, ya 4, ya 5 na ya 6 ni injini ile ile ya silinda moja, uzito kilo 25 hadi 28, kwa hiyo kushuka hakukupunguzii mzigo. Boti yako ikipakiwa inakaribia tani moja, na kwa mwendo wa kulima maji, bila kupanda juu yake, haitapita maili 5 na kitu za baharini kwa saa hata uweke ya 10. Unachonunua ni uwezo wa kushindana na kusi na mkondo. Ndiyo maana rafadha nayo iwe ya pichi ndogo (pichi ni mwendo wa rafadha kwa mzunguko mmoja), inchi 6 au 7.

Kufunga. Pinda mashine kubwa mpaka mwisho kila upande, uiinue na kuishusha, ndipo uweke alama mahali ambapo hazitagusana. Ikiwezekana, iwe upande usio na betri wala tangi. Toboa matundu ya bolti za breketi, ya mm 12, yajaze epoksi nzito, subiri saa 24, kisha toboa tena mm 8.5 katikati ya epoksi. Ukiruka hatua hii, maji yataingia kwenye mbao iliyo ndani ya faiba, na shetri itaoza bila wewe kuona. Tumia bolti nne za mm 8, stenlesi 316, na ndani weka plaiwudi ya baharini ya mm 18 na washa pana (vibati vya duara vya chini ya nati). Gundi iwe ya polyurethani, si silikoni. Kaza kidogo tu mpaka gundi itokeze. Kesho yake malizia kwa kuzungusha nati, kichwa cha bolti kikiwa kimeshikwa kisizunguke.

Skrubu za mkono za mashine hulegea kwa mtikisiko. Zifunge pamoja kwa kufuli, na mashine uifunge kwa waya wa stenlesi kwenye pete ya boti. Ukienda mbio na kubwa, ndogo iwe imeinuliwa na kufungwa.

Mafuta usichanganye. Petroli yenye oili ya tu-stroki isiingie kwenye foo-stroki. Weka dumu lake la lita 10. Kwa kasi kamili inakula kama lita 2 kwa saa. Iwashe kila mwezi, isuuze kwa maji yasiyo ya chumvi dakika 10, kisha maliza petroli iliyobaki kwenye kabureta, kwani hiyo ikikauka ndiyo inayoziba jeti, tundu dogo la kupitishia petroli.

Jaribio lifanye siku ya bamvua (maji makuu), maji yakipwa: toka Bandari ya Kale ukipanda kurudi Tudor, watu wanne ndani. Acha mashine kubwa chini, imezimwa, ikusaidie kama usukani, maana msukumo wa pembeni huivuta boti upande mmoja. Ikiwa imenasa wavu, iinue. Ukipita chini ya daraja la Nyali bila kurudishwa nyuma, hata nje ya mwamba utarudi.