Plasi ngapi? Kuchagua miwani ya kusomea baada ya miaka 40

Dalili ya kwanza huonekana mkononi. Simu inasogezwa mbele, gazeti linasogezwa mbele, mpaka mkono unaisha urefu. Kutunga uzi kwenye sindano kunakuwa kazi ya kumwita mtoto, na wali wa usiku unakutwa na vijiwe ingawa mchele ulichambuliwa. Mbali unaona vizuri tu, kibao cha daladala unakisoma kabla haijafika kituoni.

Nyuma ya mboni kuna lenzi ambayo ujanani ni laini. Ukitazama kitu cha karibu, msuli unaoizunguka unaiacha inenepe. Miaka inavyokwenda lenzi inakakamaa, na kwenye miaka 40 hadi 45 hainenepi tena vya kutosha kwa sentimita 40, umbali wa kawaida wa kusomea. Inaendelea kukakamaa hadi kwenye miaka 60 hivi, uvae miwani usivae. Kwa hiyo namba ya miwani, yaani nguvu ya lenzi zake, ikipanda, miwani inasingiziwa bure kwamba "imelegeza macho".

Makosa mengi hufanyika mezani kwa muuzaji. Mtu anajaribu +3.00, herufi zinakuwa kubwa, anafurahi, analipa. Akifika nyumbani gazeti lazima liwe karibu na pua na kichwa kinamgonga. Gawanya 100 kwa namba ya lenzi. Jibu ni sentimita ambako mtu anayeona mbali vizuri, na ambaye lenzi yake ya ndani imeshakakamaa kabisa, ataona sawasawa: +2.00 ni sentimita 50, +2.50 ni 40, +3.00 ni 33 tu. Ambaye lenzi yake bado ina ulaini kidogo anahitaji namba ndogo zaidi. Kwa kawaida +1.00 inamtosha mwenye miaka 40 na kidogo, +1.50 anayekaribia 50, +2.00 aliyevuka 50, na +2.50 wa miaka 60.

Kwa hiyo nenda dukani na kazi yako. Fundi cherehani abebe kitambaa na uzi, mwenye kusoma abebe kitabu chake. Simama penye mwanga mzuri, shika kitu hicho pale unapokishika kila siku, anza na namba ndogo, panda kwa robo au nusu. Ile ya kwanza inayokuwezesha kusoma bila kujikaza ndiyo yako. Kompyuta ikiwa sentimita 60 au zaidi inataka namba ndogo kuliko ya kitabu, na anayeumwa shingo kwa kusogelea skrini huenda akapata nafuu kwa kuwa na miwani mbili. Kisha inyooshe miwani mbele yako, tazama fremu ya mlango kupitia kioo, uisogeze taratibu: mstari ukiyumba kama maji, irudishe.

Kabla ya hayo yote, ziba jicho moja, usome. Ziba la pili, usome. Miwani ya mezani ina namba sawa pande zote, kwa hiyo mwenye macho yasiyolingana au yenye astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawa, linalopotosha herufi) hapati kitu pale. Jicho likiwa hafifu, toboa kadi ngumu tundu la milimita 1 hivi, uchungulie. Herufi zikisafika, tatizo huenda ni la miwani. Zikibaki na ukungu, usinunue chochote, nenda kwa daktari wa macho.

Kuna mzee anayeshangiliwa kwa sababu ametupa miwani na sasa anasoma bila msaada. Mara nyingi huo ni mwanzo wa mtoto wa jicho: lenzi imebadilika hadi kumwezesha kuona karibu, huku mbali kukififia. Hakuna dawa ya matone ya kuuyeyusha, tiba yake ni upasuaji. Presha ya macho ni mbaya zaidi kwa ukimya wake. Aina iliyo ya kawaida haiumi, hula uoni wa pembeni kwanza, na kilichopotea hakirudi. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye nayo, usisubiri dalili, kapimwe. Mwenye kisukari achunguzwe ndani ya jicho kila mwaka, na asipimwe miwani sukari ikiwa inapanda na kushuka, maana namba nayo itabadilika.

Asali, mkojo na maji ya majani visiingie jichoni, vinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho. Matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) yanayonunuliwa bila cheti hutuliza wekundu, lakini yakitumika kwa muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na ukiona pazia jeusi likishuka, vimulimuli vya ghafla, au jicho jekundu lenye maumivu makali na duara za rangi kuzunguka taa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.