Nani amekwenda kuchukua damu?

Usiku ule leba tulikuwa wanne: daktari, wakunga wawili na mhudumu. Mama aliyetoka kujifungua akaanza kumwaga damu. Daktari akasema, "Oksitosini! Na damu iletwe." Mwenzangu akachoma pajani uniti 10 za hiyo oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikome. Mimi nilikuwa nimempa kisogo, nikavuta nyingine 10, akawahi kunishika mkono. Muda ukapita, daktari akauliza damu iko wapi. Tukatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshakwenda maabara.

Mama alipona, lakini lile la kutazamana lilinikaa rohoni. Vyeti tunavyo wote, na kila mtu kazi yake anaijua; tulichokosa ni kuambizana.

Baadaye tukaanza mazoezi ya pamoja, tukiigiza dharura kama ile. Ukitaka kuyaanza wodini kwako, usisubiri semina ya hotelini. Huko wauguzi huenda peke yao, madaktari peke yao, wakirudi kila kundi na lugha yake (na posho yake). Fanyeni palepale leba, dakika 15 kabla ya kukabidhiana zamu, na hao hao walioko zamu. Mhudumu awemo, maana ndiye anayekimbia maabara. Mkiwa na MamaNatalie, lile tumbo la mazoezi linalovaliwa, vizuri. Sisi tulianza na khanga zilizoviringwa na chupa ya juisi ya rozela badala ya damu. Mhudumu wetu akawa mama, akapiga mayowe mpaka wodi ya jirani wakaja kuuliza kulikoni.

Cha kwanza, agizo liwe na mwenyewe. Taja jina la mtu, naye arudie: "Naenda maabara na sampuli, nachukua chupa mbili." Akirudi aseme imefika. Dawa vilevile: "Nachoma oksitosini uniti 10," kisha, "Nimechoma." Siku za mwanzo mtajiona kama watoto wa darasa la pili. Majina yenyewe mjuane. Orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji ya mwaka 2008 inataka kila mtu ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla mgonjwa hajapasuliwa. Kuna daktari niliyefanya naye kazi mwaka mzima akiniita "sista" tu.

Kigumu zaidi ni kumwambia mkubwa kwamba anakosea. TeamSTEPPS, mafunzo ya kazi ya timu hospitalini yaliyotoka Marekani mwaka 2006, yana maneno ya kumwonya mkubwa, yanayopanda ukali hatua kwa hatua. Sisi tulichukua la kwanza tu: "Dokta, nina wasiwasi." Akilisikia, asimame kwanza.

Wiki za mwanzo hakuna aliyelitumia. Ikabidi daktari akosee makusudi. Katikati ya zoezi akaagiza ergometrini, dawa nyingine ya kuzuia damu lakini hupandisha presha, na faili la "mama" limeandikwa presha iko juu, dawa hiyo haimfai kabisa. Kimya. Mkunga mwanafunzi, mdogo kuliko wote, akanong'ona, "Dokta, nina wasiwasi."

"Sijasikia," daktari akasema.

Akarudia, safari hii kwa sauti ya kondakta wa daladala.