Baiskeli ya chuma ya safari ndefu: anza na gurudumu la nyuma

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu baiskeli ya safari huanza na gia: ziwe ngapi, za aina gani. Mimi huwaambia wainue baiskeli, walizungushe gurudumu la nyuma taratibu, waangalie nafasi iliyopo kati ya rimu na raba za breki. Rimu ikicheza kulia na kushoto, habari ya gia isubiri.

Yangu niliinunua Tanga mjini, mtumba: baiskeli ya milimani ya zamani, fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, haina shokapu. Zilikuwepo za alumini zinazong'aa zaidi. Nilichukua ya chuma kwa sababu ikipasuka kwenye kiungo, fundi wa gesi anaweza kuiunga kwa shaba ukaendelea na safari. Usimpelekee fundi mageti mwenye mashine ya umeme. Mabomba ya fremu nzuri ni membamba na hutoboka upesi. Halafu fremu hizi zina nafasi. Pitisha kidole kati ya tairi na foku, kisha kati ya tairi na fremu kule nyuma. Kikipita bila kubanwa, tairi pana litaingia na tope litapata pa kutokea. Na kabla hujalipa, jaribu kuchomoa bomba la kiti. Likigoma kabisa, iache hapohapo, maana kutu imeshalishika na hutaweza kurekebisha urefu wa kiti.

Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa Usambara. Kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni lami, zaidi ya kilomita 30 za kupanda. Mbele ya hapo, kuelekea Mtae, nilikuta udongo mwekundu na mawe, na mzigo wangu wote ulikuwa nyuma. Kwenye mteremko nikasikia mlio kama waya umekatika. Ilikuwa spoku moja. Nikaendelea, jambo ambalo sasa nisingelifanya, kwa sababu spoku moja ikikatika jirani zake hubeba mzigo wake. Nilipofika kijijini zilikuwa zimekatika tatu, zote upande wa gia, na tairi lilikuwa linasugua fremu.

Fundi pale alikuwa mzee mwenye kopo la spoku na spana chache. Akaniambia, "Mwanangu, hizi nilizonazo ni za Phoenix, gurudumu la 28. Kwako zitazidi." Tatizo la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo: spoku za upande ule haziingii bila kufungua friwili, yaani lile fungu la gia za nyuma, na kifunguo cha friwili ya aina yangu hakuwa nacho. Mzee hakukata tamaa. Alikata vichwa vya spoku zake ndefu, akapinda ncha zikawa kama ndoano, akazichomeka kwenye matundu ya habu, kile kitovu cha gurudumu, bila kugusa friwili, kisha akakaza nati huku akizungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho moja. Zilinifikisha Mtae na kunirudisha Lushoto. Ule ustadi nauheshimu mpaka leo.

Niliporudi Tanga nililisuka upya gurudumu lile: rimu ya matundu 36, spoku mpya zote. Ukiweza kutumia fedha mahali pamoja tu, tumia hapo. Gurudumu likishasukwa, kamata spoku mbilimbili zinazoenda sambamba uzibane kwa nguvu kwa kiganja, zunguka gurudumu zima, kisha lirekebishe tena. Utasikia zikilia zinapokaa mahali pake. Bora zilie nyumbani kuliko mteremkoni. Zigonge kwa ukucha pia. Za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Yenye sauti nzito imelegea.

Tairi navaa za upana wa inchi 2, zenye uso laini katikati na meno pembeni. Mimi na mizigo tunafika kama kilo 90, na upepo naweka psi 45 nyuma, 35 mbele. Kwenye mchanga napunguza. Wengi hujaza tairi mpaka liwe kama jiwe wakidhani linakimbia zaidi. Kwenye makorongo linarukaruka, na kila mruko unapigwa na zile spoku. Ukipita nchi ya miiba ya migunga, kama upande wa Same, kata tairi kuukuu jembamba lisilo na waya kwenye kingo zake, ulilaze kati ya tyubu na tairi. Ni zito, lakini nimeziba pancha chache sana tangu nianze.

Gia, basi. Nyepesi kabisa ni meno 22 mbele na 34 nyuma: mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 1.3 hivi, ukiwa umekaa, hata pale juu ya Soni. Gia kubwa ya mwisho siigusi.

Breki za V, zile za mikono miwili mirefu inayobana rimu, zinatosha, ila zinataka mikono yake maalumu ya kukamata kwenye usukani; ukifunga mikono ya breki za zamani hazitavuta waya wa kutosha. Udongo mwekundu ukilowa hula raba haraka. Beba seti moja, na kila jioni chokoa vijiwe vilivyonasa kwenye raba kabla havijachora rimu.

Mabegi yangu ya pembeni ni madumu mawili ya lita 20 yaliyokatwa mdomo, yakafungwa kwenye keria kwa boliti na vipande vya bati. Hayaingizi mvua. Yasogeze nyuma kiasi kwamba kisigino hakiyagusi unapokanyaga. Vitu vizito viende chini, na maji yahamie mbele: chupa mbili zimebanwa kwenye foku kwa klipu za bomba la maji. Kilichobaki juu ya keria nafunga kwa kamba za mpira wa tyubu, ambazo zinashika kuliko kamba yoyote ya dukani.

Sasa spoku nne zenye urefu sahihi zimefungwa kwa utepe kwenye bomba la fremu sambamba na cheni, mbili za kila upande, maana urefu wake hutofautiana. Kifunguo cha friwili kiko ndani ya dumu. Spana kubwa ya kukizungushia siibebi, hiyo mafundi wengi wanayo. Na jioni ya siku ya kwanza, kabla ya kula, nakaza boliti zote za keria, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo hulegea, kisha nazigonga spoku moja moja kwa ukucha na kusikiliza.