Mbegu ya Bangi Chotara: Ulizia Wazazi Wake Kabla ya Kulipa

Tangu Kanada ihalalishe bangi Oktoba 2018, jamaa zangu hapa Ontario wakisikia napanda huuliza lile lile: "Ninunue indika au sativa?" Huku kaya inaruhusiwa miche isiyozidi minne. Unayesoma ukiwa Tanzania au Kenya usijaribu, huko bado ni jela.

Swali lenyewe limechakaa. Karibu kila mbegu ya dukani ni chotara. Mgawanyo wa zamani ulihusu zaidi umbo: indika, jina alilotoa mwanabiolojia Mfaransa Lamarck mwaka 1785, ni fupi, ina majani mapana na huwahi kukomaa, sativa hurefuka, majani membamba, huchelewa. Umbo halikuambii itakavyokulevya. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipopima vinasaba, aina iitwayo Lambs Bread ya Jamaika, inayosifiwa kuwa sativa tupu, ilikaribia kufanana kabisa na sampuli ya Afganistani iliyoandikwa indika tupu. Ndiyo maana nikinunua maua nasoma kiwango cha THC (kemikali inayolevya) na CBD (isiyolevya), kisha nanusa. Jina la pakiti naliachia wauzaji.

Kwenye mbegu, ulizia wazazi wake. Chukua aina iitwayo Skunk No. 1, iliyozalishwa Kalifonia miaka ya 1970 kwa kuchanganya bangi ya Afganistani, Meksiko na Kolombia. Damu ya Afganistani ilileta ufupi na kuwahi kukomaa. Baada ya kuchanganya, kazi ikawa kuchagua, kizazi baada ya kizazi, hadi miche ikawa inafanana. Uvumilivu huo ndio wa kulipia. Pakiti nyingi za sasa ni chotara aliyepandishwa juu ya chotara mwingine na kupachikwa jina la peremende. Ukiotesha nne, mmoja unapita uzio, mwingine unanuka limau, wa tatu hauna harufu ya maana. Aliyewahi kurudishia shambani mbegu za mahindi chotara anaelewa: kizazi cha kwanza cha wazazi waliotulia (ambao uzao wao hufanana) hulingana, cha pili hutawanyika.

Ukipata mche ulioupenda, usihangaike na mbegu zake. Kata kipande, kioteshe, kitabeba vinasaba vya mama yake (nacho kinahesabika kwenye ile minne!). Na dume ling'oe mapema, maana chavua husafiri na upepo na maua yako yote yatajaa mbegu. Mbegu zilizotengenezwa kutoa majike zinapunguza usumbufu huo, nami sioni aibu kuzinunua.

Kiangazi chetu ni kifupi. Bangi ya kawaida huanza maua siku zinapopungua urefu, kwa hiyo chotara aliyeegemea sativa anaweza kukutwa na baridi na ukungu kabla hajakomaa. Wapo chotara wenye damu ya ruderalis, aina nyingine ya bangi, wanaotoa maua kwa umri bila kungoja siku zipungue. Hao huwahi, ila mavuno huwa haba. Kwa bustani ya nje Ontario bado namchagua mwenye asili ya Afganistani anayewahi, na nampanda penye upepo wa kutosha.