Land Rover ya baba na boneti niliyoipaka mara tatu

Mvua zilipokatika Tabora mwezi Mei mwaka juzi, tuliisukuma Land Rover ya marehemu baba kutoka chini ya mwembe mpaka uani. Ni 109 Series III, pikapu, ya mwaka 1976. Baba alikuwa akibebea asali na nta kutoka Sikonge kuleta mjini, na tangu alipofariki ilikaa pale nyuma ya nyumba, Cheyo, miaka tisa. Utomvu wa mwembe ulikuwa umegandia kwenye paa, na majani yameoza kila penye upenyo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, sijawahi kufanya kazi gereji hata siku moja. Lakini sikutaka iuzwe kama chuma chakavu.

Tangu imeanza kuonekana barabarani, vijana wenye Peugeot 404 na Datsun za wazee wao wananisimamisha na kuuliza nilianzia wapi. Nilianzia pabaya. Ndiyo maana naandika.

Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, tafuta sumaku. Ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Izungushe gari zima taratibu. Kwa gari lenye bodi ya chuma, mahali ambapo sumaku inashika kwa unyonge au haishiki kabisa ujue kuna puti nene, yaani ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, na chini ya puti mara nyingi kuna kutu. Kwangu sumaku iligoma karibu bodi nzima. Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu, kwa sababu zilipozinduliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ilhali aluminiamu ilipatikana. Chuma kipo kwenye chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, kwenye fremu za milango, na kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Haya niliyasoma na kuyaona ni historia nzuri tu. Sikujua kwamba yanabadilisha kazi nzima.

Nikaanza na boneti, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Nikapiga msasa, nikapaka praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha, niliyouziwa dukani kwa maelezo kwamba inafaa kwa bati lolote, nikapuliza rangi ya kijani. Ilipendeza mno. Wiki sita baadaye ikaanza kuvimba malengelenge, nikigusa kwa ukucha inabanduka kama ganda la kitunguu.

Jirani yetu ni mzee aliyestaafu karakana ya reli. Alikuja jioni moja, akainama juu ya boneti bila kusema kitu kwa muda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa chini ulipiga nini?"

Nikamletea kopo. Akalisoma, akalirudisha.

"Hii ni ya chuma. Aluminiamu inateleza, inataka praima yenye asidi, inayoing'ata kidogo. Na ukishaipiga msasa usiiache ilale, siku hiyohiyo uifunike."

Sababu ni kwamba aluminiamu ikikwanguliwa tu, hewa inaitengenezea ngozi nyembamba ambayo huioni kwa macho, na rangi inakaa juu ya ile ngozi badala ya kushika bati lenyewe. Praima ya asidi niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Nikaipaka vizuri. Kisha, kwa kuwa boneti ilikuwa na bonde mahali mtu alipowahi kuikalia, nikaweka puti juu ya praima ile. Hilo ndilo kosa la pili. Asidi inaiharibu puti isikauke sawasawa, na baada ya muda puti ikaachia kingo.

Mara ya tatu nilikwangua yote hadi bati jeupe. Puti nikaiweka kwenye aluminiamu tupu iliyokwaruzwa kwa msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo, msasa unakwaruza zaidi), nikailainisha, kisha nikafunika boneti nzima kwa praima ya epoksi. Mpaka leo, baada ya msimu mzima wa mvua, haijavimba popote. Praima ya asidi nimeibakiza kwa vipande visivyo na puti. Kama gari lako ni la chuma, epoksi inakufaa pia, ila kwanza maliza kutu mpaka uone chuma kinang'aa. Na kwa aluminiamu usitumie brashi ya waya ya chuma, kwa sababu inaacha chembe za chuma ndani ya bati na zitakuletea shida baadaye.

Kuhusu kufungua vitu nitasema kidogo. Usifungue gari zima kwa wakati mmoja. Nimeona magari mawili mjini yaliyofunguliwa kwa shauku na sasa yako kwenye viroba. Fungua upande mmoja, umalize, urudishe. Kila bolti iende kwenye kopo lake lenye jina, na piga picha kwa simu kabla hujagusa spana. Bolti zilizokamata ziloweshe dizeli usiku kucha, ukirudia siku mbili tatu. Betri itoke kabla ya yote.

Chesisi nilichokonoa kwa bisibisi kila shubiri. Sehemu mbili ilizama. Hapo nilimwita fundi wa kuchomelea na kumlipa, na nakushauri ufanye hivyohivyo, kwa sababu chesisi ndiyo inayobeba watu. Penye chuma na aluminiamu vinapogusana, hasa kwenye milango, utakuta unga mweupe. Ni aluminiamu inaliwa. Isafishe, paka praima pande zote mbili, na rudisha kwa washa mpya (zile pete za chini ya bolti) na grisi ili visigusane vikavu tena.

Sasa msasa. Hapa ndipo miezi yangu ilipokwenda, na ningeulizwa gari hili limepakwa na nini, ningejibu msasa. Rangi yenyewe ilinichukua asubuhi nne. Msasa ulinichukua Juni hadi Oktoba, jioni baada ya vipindi na Jumamosi nzima.

Usipige kwa vidole. Vidole vinachimba mifereji usiyoiona mpaka rangi ing'ae juu yake. Mimi nilichonga kipande cha mninga cha kiganja kimoja, nikakizungushia msasa. Namba 80 kwa puti, 180 kuondoa mikwaruzo ya 80, kisha 320 juu ya praima, na 400 hadi 600 ya maji kabla ya rangi. Usiruke namba, kwani mkwaruzo wa 80 hautolewi na 400 hata ukisugua mpaka usiku. Ukitaka kujua kama umenyoosha kweli, puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi juu ya praima, uache ukauke, kisha sugua kwa kibao. Mahali palipobaki na weusi ni bonde, na palipotoka haraka mpaka bati likaonekana ni mlima. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwenye mlango wa dereva nilikaa chini. Nilikuwa nimeamini mlango ule umenyooka kama kioo.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake, kwa hiyo sugua kwa maji, usitimue vumbi, na watoto wasicheze hapo. Maji machafu nilikinga kwenye beseni na sikuyamwaga bustanini.

Hali ya hewa ya hapa kwetu ina mchango mkubwa kuliko bunduki ya rangi uliyonayo. Mwanzoni nilitaka kupulizia chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli, nikapata wadudu na vitone vya utomvu. Agosti upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya chai. Oktoba jua ni kali kiasi kwamba rangi inakauka hewani kabla haijatua, unaambulia uso unaokwaruza kama msasa. Mvua zikianza Novemba, unyevu unaingia kwenye rangi inayokauka haraka na kuacha weupe kama ukungu. Nilisubiri Juni iliyofuata. Nikatundika maturubai pande tatu, nikamwagia maji ardhi yote, nikapulizia kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, baada ya kuhakikisha umande umekauka kwenye bati. Usiku usijaribu, taa inaita kila mdudu wa mtaa.

Rangi nilitumia ya NC, ile inayokauka haraka, kwa kuwa uani vumbi halipati muda mrefu wa kunasa. Inahitaji kupolishiwa baadaye. Ikipigwa juu ya rangi ya mafuta ya zamani inaikunja, kwa hiyo jaribu pembeni kwanza. Ile ya 2K, inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, inang'aa na inadumu zaidi, lakini hadina yake ina kemikali ya aisosayanati inayoweza kukupa pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Bila vifaa vya kukuletea hewa safi kutoka nje, usiipulizie nyumbani. Nasema hivi nikiwa na watoto wanaolala mita kumi kutoka pale. Hata NC inataka barakoa yenye vichujio vya mvuke, na moto uwe mbali. Nilimwomba mama wa nyumba ya pili asiwashe jiko la mkaa asubuhi zile nne, akakubali.

Kompresa niliazima, ya lita 50. Mwaga maji ya tangi kila unapoanza. Bunduki ishike umbali wa karibu shubiri moja, mkono uende sambamba na bati bila kuzungusha kifundo, anza kufyatua kabla hujafika ukingoni, na kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Fanya mazoezi kwenye bati bovu mpaka mkono uzoee. Rangi ikitiririka, usiiguse. Iache ikauke kabisa, uisugue kwa 800 ya maji, upige tena.

Rangi ya asili niliipata nilipofungua bawaba za mlango. Chini yake kulikuwa na kijani ambacho hakijaona jua tangu 1976. Nilibeba bawaba ile dukani wakachanganya wakiitazama. Kwa kuwa sikubadilisha rangi, kadi ya gari haikuguswa. Wewe ukibadilisha, peleka taarifa TRA.

Nyuma, kwenye bodi ya mzigo, kuna mabonde ya madebe ya asali, safu mbili, upande wa kulia zaidi kwa sababu baba alipakia akianzia hapo. Mzee wa reli alinionyesha jinsi ya kuyatoa kwa nyundo ya mpira. Nilimshukuru, nikayapiga msasa na praima kama yalivyo, na yatapata rangi na mabonde yake Juni hii. Sakafu ya pale bado inanuka nta jua likiwa kali. Bolti zake nimeanza kuzilowesha dizeli tangu jana.