Nyimbo za Raising Sand katunga nani

Mkuu umeuliza kama waimbaji Robert Plant na Alison Krauss walizitunga wenyewe nyimbo za Raising Sand, albamu waliyoimba pamoja 2007. Hapana, hawakuzitunga, karibu yote ni nyimbo za watu wengine wamezirudia. Kati ya nyimbo 13 yenye mkono wa Robert Plant ni moja tu, Please Read the Letter, na hiyo nayo haikuwa mpya, alishaitoa na mpiga gitaa Jimmy Page 1998, hapa wakaipoza mwendo na sauti ya Alison Krauss ikaingia ikawa kitu kingine kabisa (kwangu mimi hii ya pili ndo tamu). Zingine ni za kina Gene Clark, huyu ana mbili humo, Townes Van Zandt, Tom Waits na mkewe, halafu Gone Gone Gone ni ya Everly Brothers, wale nao walikuwa wanaimba wawili wawili kwa hiyo inakaa vizuri sana hapo. Nina CD yenyewe, majina ya watunzi yameandikwa kwenye kile kijitabu cha ndani, ukisikiliza kwenye simu hata huwezi kujua.

Ila angalieni jina moja, Sam Phillips aliyeandika Sister Rosetta Goes Before Us ni mwanamke, mwimbaji, si yule mzee wa kampuni ya kurekodi ya Sun Records aliyemrekodi Elvis, watu wanawachanganya kila siku. Na Grammy ya albamu ya mwaka walibeba kweli, 2009.