Msimwachie mwenyekiti funguo zote, yametukuta hapa Tanga

Mkuu, simameni kwanza. Umeandika kwamba mko vijana wanne wa Chumbageni, mna programu huria (maandishi yake, yaani msimbo, yako wazi kwa wote) ya hesabu za vikoba, na "akaunti zote tumemwachia mwenyekiti, jamaa ana nidhamu". Nilipofika hapo chai ikapoa mkononi. Mengine uliyouliza tutayafikia, tukifika.

Sisi tulikuwa watano, mwaka 2019, programu ya simu ya daftari la madeni kwa wenye maduka wa Ngamiani. Mwenyekiti wetu naye alikuwa na nidhamu, pengine kumzidi wa kwenu. GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni, kwa jina lake, domeni, yaani anwani ya tovuti, kwa jina lake, na ule ufunguo wa kutia saini matoleo ya Android (faili la siri la kuthibitisha kwamba toleo ni letu) uko kwenye laptop yake, nakala hakuna. Tulishauriwa hivyo na bwana mmoja wa semina, kaja na tai yake, akatuambia meli haina manahodha wawili. Bwana wewe, popote ulipo, meli ina nahodha msaidizi! Unawadanganya mambo ya meli watu wanaokaa na bandari! Na tulimpigia makofi.

Mwaka wa pili mwenyekiti akapata kazi Maskati. Tukamsindikiza, tukala pilau. Laptop ikamfia hukohuko. Laini yake ya huku ikakaa bila kutumika mpaka akapewa mtu mwingine, na barua pepe iliyofungulia kila kitu ikawa inatuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyohiyo.

Nikapiga. Akapokea mama mmoja, muuza machungwa Muheza. Nikamwamkia, nikajieleza weee, nikamwomba anisomee zile tarakimu sita. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nyie si ndio wale wa tuma kwa namba hii?" Akakata. Angekuwa mama yangu mzazi ningempongeza.

Msimbo wenyewe haukupotea, maana Git, chombo cha kutunzia msimbo, humwachia kila mtu nakala nzima. Kilichotumaliza ni ule ufunguo wa saini. Android haikubali toleo jipya lenye saini ya ufunguo mwingine. Inabidi uondoe programu ya zamani ndipo uweke mpya, na data iliyokuwa ndani ya simu inaondoka nayo. Basi tukapita na baiskeli duka hadi duka, maduka 14, tunanakili madeni kwa kalamu halafu ndipo tunafuta. Duka moja la barabara ya 8 nikafuta nikijua mwenzangu ameshanakili. Naye alijua nimenakili mimi. Bibi mwenye duka alikuwa ndiyo kwanza anavaa miwani, tumsomee majina.

Na usiniambie wakubwa nao wana mtu mmoja. Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ina mwanzilishi wake Linus Torvalds, sawa, lakini kila sehemu ina watunzaji wake, na alipojiweka kando Septemba 2018, toleo la 4.19 lilitolewa mwezi uliofuata na mtunzaji mwenzake, Greg Kroah-Hartman. Hakuna aliyempigia mama wa Muheza. Python, lugha ya kuandikia programu, mwanzilishi wake Guido van Rossum aliachia ngazi mwaka huohuo, sasa kuna baraza la watu 5 wa kupigiwa kura, na hawaruhusiwi kuzidi wawili wa mwajiri mmoja. Debian, mfumo mwingine huria wa kompyuta, huchagua kiongozi kila mwaka.

Kila ufunguo uwe na watu wawili, wasiokaa nyumba moja, na kila mmoja awe ameshatoa toleo kwa mkono wake mwenyewe. Fanyeni leo jioni, msingoje kikao, vikao vya vijana wa Tanga navijua.

Leseni wekeni yoyote inayotambulika, ila iwepo, bila leseni mtu wa nje hana haki ya kuutumia msimbo wenu. Uliuliza na habari ya katibu na nini tena, wafadhili? Nitarudi.

Yule bibi bado ananiita "mfuta madeni" kila nikikatiza na baiskeli. Wateja wake wao wananisalimia vizuri sana.